Milango Minane ya Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nyumba tupu tangu saa moja. Mkwe wangu yuko kwenye tanuri lake la mikate, mjukuu shuleni. Binti yangu bado yuko kwenye kozi ya wauguzi, wiki ya tatu sasa, anarudi Jumamosi. Nimefagia. Nimeosha vyombo. Nimekaa mbele ya runinga kama mtu anayesubiri taarifa ya habari, ingawa hakuna wa kumdanganya.

Gemu letu limerudi. Lile lile la Dada Mapanga na ngome yenye milango tisa. Zamani mume wangu, fundi wa redio, Mungu amrehemu, aliletewa mashine ya gemu aitengeneze, mwenyewe akaingia mitini. Tuliicheza mpaka vifungo vya pedi ya kuchezea vikawa laini kama maharage ya kulowekwa. Binti yangu alikuwa akikaa mapajani pangu anapiga kelele, mama ruka, mama ruka. Sasa gemu limetolewa upya kwa mashine za siku hizi, picha zimeng'arishwa. Dada Mapanga wa zamani alikuwa na uso wa tofali. Wa leo ana kope.

Mjukuu amefungua milango minane peke yake. Wiki tatu za jasho. Wa tisa kauacha makusudi. Amemwahidi mama yake kwenye simu kwamba wataufungua pamoja Jumamosi. Mimi naruhusiwa kutazama tu. Ananiambia eti, mke mwenza (ndivyo tunavyoitana, mimi na yeye, kwa kuwa babu yake tulimpenda sote wawili) vidole vyangu vitashikwa na kizunguzungu.

Vidole vyangu! Kesho nafanya mazoezi kimyakimya. Jumamosi nitaomba pedi dakika mbili tu, wajue walikotoka.

Jumanne, 4 Juni

Afadhali nisingeamka.

Nimekufa mlango wa kwanza mara kumi na moja. Kifungo cha kuruka wamekihamisha. Nikitaka kuruka, Dada Mapanga anainama kama anatafuta sindano. Mara ya kumi na mbili nikapita. Nikajipigia makofi. Ndipo runinga ikaniuliza swali, kwa lugha ya watu.

Shule mimi sikuingia hata kuomba maji. Herufi nilizipata kwa marehemu, kwenye vikaratasi alivyobandika redio za wateja. Za lugha yetu nazisoma na kuziandika polepole. Za kigeni huniangalia, nami naziangalia. Basi nina desturi: swali nisilolielewa hulijibu ndiyo, ili muulizaji aende zake. Imenifaa kwa watu wa sensa. Kwa daktari wa meno haikunifaa, lakini jino lenyewe lilikuwa la pembeni.

Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikabonyeza ndiyo tena. Ikanyamaza. Nikaona tumeelewana.

Saa tisa mjukuu karudi, kawasha. Kisha akauliza milango yake iko wapi. Umebaki mmoja, wa kwanza, na pale pa kusevu, mashine inapotunza ulipofikia, hapana kingine. Alilia bila sauti, na kilio hicho ndicho kibaya. Mtoto anayepiga mayowe unampa kitu cha kutafuna, yakaisha.

Nikasema labda ni umeme. Umeme haukukatika. Akauliza nani alikuja leo. Basi mchana alipita mkwe mwenzangu, mama mzazi wa mkwe wangu mwoka mikate, mwalimu mstaafu. Mtaa mzima humwita Mwalimu. Huwezi kumkaribisha akae bila yeye kutoa leso na kupangusa vitu vyako, ujue kwamba vina vumbi. Nikasema: Mwalimu alipita, alipangusapangusa hapo kwenye pedi.

Kila neno kweli. Ndiyo maana linanuka.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu kaja. Shikamoo yake mjukuu kaipa ukuta. Mwalimu akanifuata jikoni, akaniuliza mtoto ana nini. Nikamweleza milango imefutika. Hapo ndipo pa kuongeza sentensi moja tu. Nikakoroga uji.

Akakaa kwenye ndoo ya kuhifadhia mchele. Akasema kweli aliinua ile pedi, akaifuta pande zote, pengine alibonyeza. Sauti ilikuwa ndogo. Mwanamke huyu miaka kumi na minne hajawahi kukosea mbele yangu. Hata chumvi ya harusi, iliyozidi kila mtu akiona, alisema ni ulimi wetu. Siku hii niliisubiri kama mvua.

Imefika, na haina ladha.

Nikamshika bega. Nikamwambia usijali, mkwe, binadamu hukosea. Nimemfariji mtu kwa dhambi yangu mwenyewe, naye akanishukuru. Uji umeungua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata njia. Nitaifungua milango yote minane mwenyewe kabla ya Jumamosi. Mtoto akiwasha, aikute ipo, aseme ni muujiza. Mwalimu asamehewe. Mimi nisijulikane. Nani ataumia?

Kidole gumba ndicho kilichoumia. Kuanzia saa mbili mpaka saa nane, milango mitatu. Maharage yamekuwa makaa. Mkwe wangu kala jioni hivyo hivyo. Ni mtu wa tanuri, anajua kilichoungua kwa bahati mbaya na kilichosahauliwa.

Mjukuu kaletewa barua. Mwalimu kaandika kwa mkono, mistari imenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Mtoto alinisomea. Anasema amewafundisha watoto wa watu wengi kuomba radhi, na leo ndipo amejua ni kazi ngumu kiasi gani. Mjukuu akaikunja ndogo, ndogo zaidi. Akasema yeye kasamehe, ila Jumamosi Mwalimu asije. Akimwona atalia, na hataki mama amkute analia.

Nikamwambia hilo halifai, yule ni bibi yako. Akasema bibi anaye mmoja anamtosha. Akanikumbatia kiunoni.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwongezea nyama.

Ijumaa, 7 Juni

Mlango wa nne haupitiki. Kuna joka la chuma, na joka hili zamani halikuwa na mkia wa pili. Nimekufa mpaka Dada Mapanga mwenyewe nikamwonea huruma.

Jioni mwoka mikate akasema mama yake amepiga simu. Kesho hatakuja, ana nguo za kupiga pasi. Alisema hivyo akiangalia sahani yake. Mwanawe wa pekee, mkewe anarudi baada ya wiki tatu, na mama mtu anabaki na pasi.

Nikasema ni mimi. Nikasema haraka, kama mtu anayemeza dawa. Mazoezi, swali, ndiyo mbili.

Mkono wa mkwe ukasimama na mkate hewani. Mjukuu akauliza mbona nilimtaja Mwalimu. Nikasema nilisema alipangusa, sikusema alifuta.

"Lakini ulijua nitafikiria nini," akasema.

"Nilijua."

Akaondoa sahani yake, akaiosha, akasema usiku mwema, Bibi. Bibi, kwa adabu kamili, kama ninavyosalimiwa na karani wa benki.

Nikajitanda khanga, nikaenda kwa Mwalimu, nyumba ya sita kutoka kwetu. Sikungoja kukaribishwa. Nilimwambia pale pale kizingitini. Akaniangalia kama anasahihisha. Nikamwambia anitukane, maana kimya chake kinaniwasha. Akasema yeye hatukani, lakini siku tatu hajala vizuri, na hilo angependa nilijue. Kisha akaniambia niingie, mbu wanapita. Akanipa kiti. Akakipangusa kwanza.

Kabla sijaondoka alisema shuleni kwake aliyejitaja mwenyewe alipata nusu ya adhabu. Nusu yangu: nimfundishe hilo gemu.

Jumamosi, 8 Juni

Binti yangu kafika na begi moja na miguu imevimba. Mwanawe kamrukia shingoni, kamweleza yote mlangoni, begi bado halijatua. Binti yangu alicheka mpaka akakalia begi. Kisha akanivuta pembeni, na kule hakucheka. Akasema milango ni picha tu, itafunguliwa. Ila Mwalimu sikumfuta kwenye mashine, nilimfuta moyoni mwa mtoto. Na kama nataka kuendelea kuvitunza vitu vya nyumba hii, nianze na moyo huo.

Nikamkanda miguu kwa maji ya moto, nacho ni kitu ninachokijua.

Mjukuu alimwendea Mwalimu mwenyewe, akamshika mkono, akamleta. Wakaamua tuanze upya wote, mlango wa kwanza, zamu kwa zamu. Mimi wa mwisho. Haki yao.

Nikamfundisha Mwalimu. Huku kuruka, huku upanga. Yeye anasoma kila kinachoandikwa, mpaka mwisho, halafu anabonyeza alichoambiwa. Mlango wa kwanza kapita mara ya pili! Wa pili mara ya kwanza. Mimi nikaja kufa kwenye ngazi, kabla hata ya adui.

Mjukuu akamrukia Mwalimu, akamwita mke mwenza.

Nilicheka na wote. Meno yangu yaliyobaki yaliuma.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mapema, nimesali. Nimeomba moyo safi. Nimemshukuru Mungu kwa binti aliyerudi, kwa mtoto aliyelala jana kichwa mapajani pangu kana kwamba sikumkosea kitu, na kwa mkwe mwenzangu ambaye ni mtu mwema kuliko alivyo mzuri wa kukaa naye. Machozi yalinitoka.

Nilipofungua macho nikaiona miwani ya Mwalimu, ya kusomea, kwenye mkono wa kochi. Kaisahau. Leo mchana ni mlango wa tatu, na zamu ya kwanza ni yake.

Sikufikiri. Mkono ulifikiri peke yake.

Saa sita kaja kuiulizia. Nimemsaidia kutafuta. Nimeinua mito, nimepiga magoti, nimetafuta chini ya kochi mpaka mgongo ukalia, na jasho lile lilikuwa la kweli. Mjukuu akaniuliza kama nimeiona. Nikamwambia kwa sasa siioni, na pipa la unga lina kifuniko, nitaionaje.

Hapana, la pipa sikulisema. Nimeliandika tu.

Nina haya. Miwani nitairudisha kesho, naapa. Nikishapita joka.