Mapasha Wamezidi Mtaani

Kanali (Mstaafu) Rüştü Karabulut,
Mtaa wa Kestanelik,
Eskişehir.

Kwa Bi. Şükran, Mkuu wa Mtaa wetu,

Bibi Mheshimiwa,

YAH: MAPASHA WALIOZIDI KIASI

Baada ya kukutakia afya njema, wewe pamoja na goti lako la kushoto, naomba kujitambulisha rasmi, ingawa tunagawana ukuta na najua unapopiga chafya.

Nililitumikia jeshi tangu sijaota ndevu hadi ndevu zilipoota mvi. Nilianza luteni, nikawa kapteni, nikawa meja, nikafika kanali. Juu ya kanali yupo jenerali, na jenerali kwetu huitwa pasha. Kila Agosti, baraza la kupandisha vyeo lilipokaa, mke wangu Mualla alinipigia sare pasi, nami nikakaa kando ya simu. Mwaka mmoja ililia kweli. Alikuwa shemeji yangu, anauliza chumvi ya kachumbari ya matango. Mwishowe nikastaafishwa kwa kukosa nafasi. Sikunung'unika. Nilijiambia: Rüştü, upasha ni kitu adimu, hauokotwi njiani.

Kumbe mtaani kwako, Bibi, umetapakaa njiani kama maganda ya mbegu za alizeti! Malalamiko yangu ni haya:

1. Zihni wa mkahawa wa kona. Juzi aliingia fundi bomba na sinki begani. Zihni akapaza sauti, "Karibu, Pasha wangu! Keti, Pasha wangu!" Mimi nikasimama wima na kufunga kifungo cha koti, maana mkubwa akiingia mdogo husimama. Fundi akadhani nampisha kiti. Akakaa. Halafu Zihni akanigeukia: "Na wewe mjomba, nikuletee nini?"

Mjomba, Bibi! Sina hata mpwa.

2. Chai. Ile chai iliyotiwa maji baridi ili watoto wasiungue ulimi, mtaa mzima huiita chai ya pasha. Nimefanya kazi chini ya mapasha wa kweli, na chai yao ilikuwa imepashwa hasa. Mmoja aliinywa ikichemka, akitukazia macho, ili tumwogope. Tulimwogopa.

3. Mke wangu. Nikikataa kwenda kwa dada yake, Mualla husema, "Utakwenda, tena utakwenda pasha-pasha!" Maana yake niende kimya kimya bila ubishi. Nauliza kwa heshima: ni pasha yupi aliyewahi kwenda popote kimya kimya? (Nilikwenda.)

4. Paka wa Cavit, mwenye bucha. Jina lake Pasha. Niliomba ini, Cavit akanijibu mbele ya wateja, "Limekwisha, mjomba, Pasha kalimaliza." Nikamwambia, "Cavit mwanangu, mpe cheo kingine. Hata koplo." Akacheka mpaka akaweka kisu chini: "Huyu? Nikimwita koplo si atanidai likizo!" Basi nimepitia kanuni zote ninazozikumbuka. Hakuna inayosema kwamba mkubwa lazima awe na miguu miwili. Kwa hiyo kila nikipita pale bucha nampigia paka saluti. Yeye hajibu, jambo ambalo, nakiri, linafanana sana na majenerali. Watu wameanza kuleta viti.

Usiniambie kwamba ni maneno ya mapenzi tu. Sheria ya kufuta vyeo hivi vya zamani ilipitishwa kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha Zihni. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema, "Sawa kabisa, mjomba," kisha akamwita mteja aliyeingia Pasha.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Leo mjukuu wangu Sarp anaingia jando. Tangu masika ilikubaliwa kwamba mimi ndiye nitakayemshika mikono wakati daktari akifanya kazi yake. Sasa binti yangu Nilgün amemnunulia joho jeupe, kofia yenye unyoya, fimbo ya kifalme, na mabegani nyota za jenerali kamili, eti awe pasha wa siku. Mtoto mwenyewe hajui kufunga kamba za viatu!

Nilimwambia Nilgün kwa upole, "Mwanangu, ng'oa hizo nyota. Aanze luteni, apande kwa sifa zake."

"Baba, hii ni sherehe, siyo gwaride."

"Basi meja. Zaidi ya meja siwezi."

"Baba! Kama utakosa jando la mjukuu wako kwa sababu ya nyota za plastiki, basi kaa nazo hizo kanuni zako, zikupikie na chakula!"

Mualla amekwenda na sinia la baklava. Mimi nimebaki na msimamo wangu. Huku kwangu tumebaki sisi wawili, na msimamo, Bibi, hauna mazungumzo.

Kwa hiyo naomba utangaze kwenye ubao wa mtaa utaratibu ufuatao. Mtoto akizaliwa awe kuruta. Akiota meno awe koplo, kwa kuwa sasa ana silaha. Akiacha nepi, sajini. Akitahiriwa, luteni, na asizidi hapo mpaka aoe. Paka wote washushwe hadi sajini kwa majaribio. Fundi bomba aitwe fundi, maana nimewajua mapasha ambao hawakuweza kufunga hata bomba linalovuja. Atakayekaidi aletwe ofisini kwako mbele ya mahakama ya kijeshi. Najua una kiti kimoja. Nitakuja na changu.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, kijana wa posta, na wote wa ghorofa ya juu, wakiwemo wanaoburuta meza. Zihni msalimie kijuujuu tu.

Wako katika utii na nidhamu,

Rüştü Karabulut,
KANALI (hadi hapo alipofika)

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha mlango ulipogongwa kama wa nyumba inayoungua. Alikuwa Sarp. Ametoroka ukumbini na joho lake lote, na nyuma yake Nilgün anakuja pekupeku, viatu mkononi, akifuatwa na mpiga ngoma, mpiga zumari na nusu ya waalikwa. Mtoto akaingia chini ya meza yangu.

"Babu, sitaki kuwa pasha!"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu pasha ndiye anayekatwa! Wewe ni pasha?"

"Hapana. Mimi kanali tu."

"Basi chukua! Chukua vyote!"

Akanivisha joho, likanifika kiunoni. Unyoya ukaniingia jichoni. Nyota moja ikadondoka, Nilgün akaiokota na kunibandikia begani yeye mwenyewe, mdomo wake ukimcheza, hajui acheke au alie. Nikakohoa.

"Luteni Sarp!"

"Naam, Babu!"

"Naam nani?"

Akatoka chini ya meza, akasimama wima. "Naam, Pasha wangu!"

Bibi Şükran, miaka yote ile kando ya simu, kumbe cheo chenyewe kingetokea chini ya meza. Tulitoka hivyo hivyo, mimi mbele na fimbo, luteni nyuma yangu, ngoma na zumari nyuma yetu, na mtaa mzima madirishani ukishangilia. Nilimshika mikono. Yeye alilia kidogo, mimi nikalia zaidi, daktari akaniuliza kama nahitaji kukaa.

Naandika haya jioni. Jenerali mstaafu Sarp amelala kwenye kochi langu, na hataki kabisa kurudishiwa cheo. Malalamiko yote matano uyapuuze. Barua naituma tu kwa kuwa stempu nimeshabandika. Ila ukinijibu, Bibi, nakuomba sana: hapo juu ya bahasha usiniandike tena Kanali.