Geti Lisilomtambua Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025
Geti langu hapa Mkuza sasa lina akili! Kamera inatazama uso, kompyuta inaamua: akiwa mwenyeji, geti lifunguke; akiwa mgeni, king'ora kilie. Nimeiwekea matabaka mia ya kufikiri. Jirani yangu, Mwalimu Atupele, ya kwake kaiwekea sita. Sita! Nilimwonea huruma. Nimeifundisha kwa picha ishirini za familia, zote za siku ya harusi, na haijakosea hata moja. Jumamosi mama mkwe anakuja kutoka Kisarawe. Ataona binti yake kaolewa na nani.

Jumatano, 16 Julai
Mke wangu Kudra karudi kutoka sokoni, king'ora kikalia. Mtaa mzima ukatoka na fimbo! Kosa lake: hakuvaa shela. Atupele akachungulia juu ya ukuta, eti mashine haijajifunza, imekariri. Nipunguze matabaka, niongeze picha za siku za kawaida. Nani kamuuliza? Kudra kaapa kwamba mama yake akifanyiwa vile, wanaondoka wote wawili.

Ijumaa, 18 Julai
Haya, nimepunguza. Nimebakiza tabaka moja. Picha sijaongeza, muda sina. Tangu asubuhi geti halijamkataa mtu. Mbuzi wa Mzee Badru wa nyumba ya pili kafunguliwa geti kama mwenye nyumba, kala mchicha wote wa Kudra! Atupele alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema si mia wala si moja, nitafute katikati, nipime kwa picha ambazo mashine haijawahi kuziona. Mimi nimuige jirani? Thubutu! Nimerudisha mia, nikaongeza hamsini.

Jumamosi, 19 Julai
Yarabi! Mama mkwe kafika na kapu la mihogo, king'ora hicho! Vijana wa bodaboda wakamzingira, mwizi, mwizi. Nikatoka mbio na shikamoo yangu, hakuitikia. Nikamweleza kwa heshima zote kuwa kosa ni la miwani, siku ya harusi hakuivaa. Kageuza palepale, na Kudra nyuma yake na begi. Mihogo wameondoka nayo!

Jumapili, 20 Julai
Nimekwenda Kisarawe na doti ya khanga, nikapiga magoti uani. Mama mkwe alimaliza kwanza chai yake. Mwishowe kasema amenisamehe, ila ile mashine asiione tena getini. Nikaapa, na machozi yakanitoka, maana nampenda mke wangu, sitanii. Tumerudi wote watatu. Kiapo nimekitimiza: getini haipo. Mlango wa choo hakuutaja mtu. Matabaka mia mbili, picha zilezile. Mama mkwe ndiyo kwanza kachukua kopo, anaelekea huko.