Kitufe cha "Rejesha"

Leo nimefuta kompyuta ya mama yangu. Yote. Kwa kidole hiki hiki ninachoandikia haya (kwenye simu, mtaelewa kwa nini).

Mnaosoma blogu yangu ya vigemu, vile vimashine vya michezo vya zamani, mnajua ninavyowadharau watu wanaoogopa kusasisha programu. Mashine inaomba mwezi mzima, mtu anabonyeza "Baadaye". Washamba! Leo asubuhi nikaamua niwaandikie makala ya kuwachamba, na mfano mkuu awe mama.

Mama anafundisha Kiswahili huko Mzenga, ila tunakaa mtaa wa Picha ya Ndege. Alikuwa ameenda sokoni. Laptop kaiacha mezani, na ndani yake mtihani wa kidato cha pili, wa kupeleka kuchapishwa saa nane mchana.

Nikasasisha. Nikaiweka na lugha ya Kiswahili, mbwembwe tu. Ikamaliza salama. Nikachomeka kigemu changu (mjomba alikinunua mnadani Kisarawe, kinanizidi umri). Laptop ikakikana mchana kweupe! Jana tu walikuwa wanaelewana.

"Si uirudishe ilivyokuwa kabla hujasasisha?" akasema Dulla, rafiki yangu wa nyumba ya pili aliyekuja kutazama, mtu asiyejua hata kuzima kompyuta.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kitufe kimeandikwa "Rejesha". Chini yake maelezo marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nani anasoma?

"Oya, una uhakika hiyo ndiyo kurudi nyuma?" Dulla akauliza.

"Dulla, mama yangu ni mwalimu wa Kiswahili. Wa kwako anafundisha nini?"

Laptop nayo ikauliza: "Una uhakika?" (Na wewe tena!) Nikabonyeza "Ndiyo".

Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Ikakaa inazungusha viduara nusu saa nzima. Mwisho ikaandika: "Karibu! Chagua nchi yako."

Nchi yangu? Imekaa nyumbani kwetu miaka minne, leo inaniuliza natoka nchi gani, kama vile ndiyo kwanza imetoka kiwandani! Nikachagua Tanzania. Nikatafuta mtihani. Hamna. Picha za harusi ya dada, hamna. Kweupe kama sahani ya msibani baada ya pilau.

Geti likalia. Dulla akakumbuka ghafla kwamba kwao ametumwa chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwizi? Lete laptop, nikachapishe."

Nikamweleza. Nikamalizia kwa sauti ya mbu: "Nilijua rejesha ni kurudi tu, mama."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kikapu chini, akavuta kiti, akanisogezea laptop, akasema:

"Kaa hapo, uchape ninachokusomea. Swali la kwanza: Kwa kutumia mfano wa mjinga mmoja wa Picha ya Ndege, eleza tofauti kati ya 'rudi' na 'rejesha'. Alama kumi."