Barua ya Kumhamisha Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha Uboreshaji wa Huduma. Ubaoni wameandika kila daktari ameshusha presha za wagonjwa wangapi. Shemeji, mdogo wa mke wangu, daktari mwenzangu ambaye chumba chake kinatazamana na changu: sabini na nane kwa mia. Mimi: sitini na moja. Akanipa pole. Pole! Mbele ya wauguzi!

Nimesoma mwongozo mara mbili. Mgonjwa aliyehamishiwa kwa daktari mwingine hahesabiwi kwangu. Akili ni nywele, na mimi nina msitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemchagua Mwalimu mstaafu. Alinifundisha hesabu darasa la tatu. Presha yake haijashuka mwaka mzima, na huapa kwamba anameza dawa zote. Nikampa barua ya kwenda kwa shemeji, "kwa huduma bora zaidi". Akaitazama, akaikunja, akaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia hakuna, ni utaratibu tu. Akaniaga kwa kuniita Daktari. Siku zote huniita mwanangu.

Ijumaa, 14 Machi
Sitini na mbili! Nilitembea kifua mbele mpaka shemeji aliponiuliza Mwalimu niliyemhamishia yuko wapi. Kwake hajafika. Kwangu hajarudi. Siku kumi! Na presha ile! Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumamosi, 15 Machi
Mke wangu aliniambia nisirudi nyumbani bila habari za Mwalimu. Nikaenda. Yu hai! Alinikaribisha kwa adabu kama mgeni, na iliniuma kuliko kufukuzwa.

Mezani pakiti mbili za dawa zinazofanana. Ya asubuhi imekwisha, ya jioni haijaguswa. Nikamwomba anisomee maandishi. Akazigeuzageuza. Kisha akakiri kwamba macho yamechoka. Mtu aliyesomesha watu miaka thelathini atamwambiaje mwanafunzi wake kwamba hawezi kusoma?

Nikalia. Akanipa leso, akanikanya nisiloweshe dawa. Nikachora jua kwenye pakiti moja, mwezi kwenye nyingine. Akasema mwezi wangu ni ndizi. Kisha akasema asante, mwanangu. Nimempangia daktari wa macho.

Jumatatu, 31 Machi
Presha ya Mwalimu imeshuka! Kwa shemeji amekataa katakata kwenda. Barua yangu anafungia miwani mipya. Kamati ya Uboreshaji imeagiza madaktari wote wachore jua na mwezi kwenye pakiti za dawa. Shemeji akanipongeza mbele ya wauguzi. Sitini na nne kwa mia.

Sasa amebaki mama mshona nguo. Presha yake haishikiki, naye pia huapa kwamba anameza zote. Nampenda sana mama huyu. Nimekwisha ona nilikosea wapi: barua ya kwanza ilikuwa kavu mno. Hii nimeianza kwa "Mama yangu mpendwa", na nimeiandika kwa herufi kubwakubwa, aisome bila taabu akiwa njiani kwenda kwa shemeji.