Tezi za Mikorosho

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo umegoma tena. Nimepalilia tangu asubuhi, na jembe halina huruma. Habari njema moja: msimamizi wa kitalu amepata kazi kwingine, kiti chake kiko wazi. Kiti kweli, cha plastiki, chini ya turubai. Kazi ni kumwagilia miche na kuitazama. Kutazama najua sana.

Bibi Shamba, mwenye shamba hili, amesema wiki hii atampa kiti mtu anayeijua mikorosho. Vibarua wote wakamgeukia Mkasi. Mkasi ni kibarua kama mimi, tunalala chumba kimoja, na kitanda cha dirishani ni chake. Anapogoa matawi huku akijiona kinyozi wa mfalme. Nimeapa hakikalii.

Shida ndogo: mikorosho siijui. Kwetu tunafuga mbuzi.

Jumanne, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Leo nilichuchumaa nyuma ya mkorosho mchanga, nikijifanya nang'oa magugu, macho yakaangukia shina. Lina uvimbe kama ngumi ya mtoto, karibu na ardhi. Chini ya uvimbe gome ni la kijivu, limepasuka kama kisigino changu. Juu yake ni laini, la kahawia. Mti mmoja, ngozi mbili! Nikautazama wa pili. Vilevile. Wa tatu, hali hiyohiyo. Mstari mzima una tezi.

Jioni nikampigia mke wangu. Akauliza kama kuna mti hata mmoja usio na uvimbe. Nikasema hakuna. Akasema basi huenda ndivyo ilivyoumbwa. Yeye na dada zake wote wana pua moja na hakuna aliyewapeleka hospitali. Mke wangu ana akili, lakini si ya miti.

Jumatano, 6 Machi

Nimemchokonoa Mkasi kwa ujanja. Alikuwa anapiga mswaki. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, mbona mikorosho michanga ina vinundu. Akatema povu. "Si imebebeshwa hiyo," akasema, akaendelea na meno yake.

Imebebeshwa! Kumbe anajua. Tumebebeshwa miti mibovu, naye amefunika kombe mwanaharamu apite.

Chai haijapoa nilikuwa kwa Bibi Shamba. Nikamwambia aliyemuuzia miche alimtwisha wagonjwa, na kwamba Mkasi alijua siku zote. Akakunja uso. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kama ninavyolijua jina la mama yangu. Akauliza dawa yake nini. Hilo sikuwa nimelipanga, mdomo ukajibu wenyewe: kukwangua gome lililopasuka hadi lilingane na la juu, kupaka majivu na samadi mbichi, kisha kufunga gunia.

Akasema bwana shamba wa serikali atakuja Ijumaa kuikagua miti. Kwa sasa nianze na mistari miwili ya kisimani. Mimi, si Mkasi. Nimelala chali kwa furaha, ingawa nanuka samadi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwangua. Miti inatoa utomvu. Nadhani ni uchafu unatoka. Vibarua wananiita Daktari, nami naitika. Mkasi alipita, akasimama kidogo, akauliza: "Daktari, wagonjwa wako wametia saini?" Wivu huo. Usipojibiwa hufa wenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana shamba alikuja na pikipiki. Akagusa uvimbe wa mti wa kwanza, akacheka mpaka akavua kofia. Akaeleza mbele ya watu wote: unachukua kikonyo, yaani kijitawi kichanga cha mti unaozaa vizuri, unakipachika kwenye mche wenye mizizi migumu, unafunga mpaka vishikane. Huko ndiko kubebesha, mche mmoja unambeba mwenzake. Uvimbe ni pale walipounganishwa. Gome la chini ni la mmoja, la juu ni la mwingine. Na likipasuka ni kwa kuwa mti unanenepa, kama shati la mtu aliyeanza kula vizuri. Kawaida kabisa.

Nikacheka naye, nikitumaini mambo yataishia hapo.

Kisha akafungua gunia langu. Akaacha kucheka. Ndani mchwa wameshahamia, na shina liko uchi kama mfupa. Akasema gome ndiyo nguo na ndilo koo la mti. Baadhi itapona, baadhi tuiombee.

Bibi Shamba akamgeukia Mkasi, akauliza mbona alinyamaza. "Nilimwambia imebebeshwa, mama," akasema Mkasi. "Sikujua yeye anasikia mizigo."

Bibi akaniambia nifungashe virago. Nyumbani wanadhani mimi ni mtu mzito huku. Aliyeniombea msamaha ni Mkasi. Alisema mkono wangu ni mzuri kwa jembe. Hilo limeniuma kuliko kufukuzwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mkasi amekalia kiti. Nilimwona akikijaribu, kwanza upande, kisha akaegemea. Amri yake ya kwanza: mimi nifungue magunia yote na kuyaosha mashina, taratibu, kwa kitambaa laini. "Pole pole, Daktari," ananiambia kutoka kivulini.

Jumapili, 10 Machi

Nikiosha, nimeona jambo. Majani mapya ya kileleni yametoka mekundu. Si kijani. Mekundu kama macho ya mwenye homa, tena kwenye kila mti!

Nikamwambia Mkasi. Hata hakuinuka. Akasema majani machanga ya mkorosho hutoka hivyo, yakikomaa huwa kijani, na niendelee kuosha. Ndivyo atakavyosema mtu anayeogopa kunyang'anywa kiti.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekaa nikatafakari nilipokosea wiki hii, na nimepaona: nilikwenda kwa Bibi Shamba bila dawa mkononi. Sasa hivi sufuria iko motoni. Pilipili, sabuni ya kufulia na chumvi kidogo. Ikipoa nampelekea.