Chapati Tatu na Mkataba wa Kiprop

Leo nimeanikwa. Mbele ya kanisa, mbele ya pasta, mbele ya mume wangu Baba Chebet, ukutani, kwa rangi nyekundu. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Sharon wa hoteli, maana Mama Sharon ataongeza chumvi, na ataongeza chapati.

Mnamjua Kiprop, yule Mjapani anayefanya mazoezi na timu yetu hapa karibu na Sigowet. Kama humjui, jina lake ni Haruo, ana miaka thelathini na moja, na kazi yake ni mpira. Si mpira wa kupitisha wakati, mpira wa mshahara. Alitoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, akacheza nchi tano, nyingine za baridi mpaka walikuwa wanapasha viatu moto kabla ya kuvivaa. Halafu goti likaharibika. Akapasuliwa, klabu ikamwambia asante na ikamwonyesha mlango. Mtu akamwambia kuna milima ya majani chai Kenya ambako miguu hurudi, akaja na begi moja. Siku aliyofika ilikuwa inanyesha, na kina mama wakampa jina papo hapo. Kiprop, wa mvua.

Mimi ni Mwalimu Alice, meneja wa timu. (Ndiyo, ile timu ya mwisho kwenye jedwali. Bado tunacheza.) Huku kwetu mtoto akionekana na mpira watu wanamuuliza ataanza lini kukimbia. Miaka kumi na moja nabishana na watu kwamba mpira pia ni kazi, kwamba mtu anaweza kula kwa mpira na kusomesha watoto. Wananiitikia tu ili nimalize. Kwa hivyo Kiprop alipokuja nikasema, basi, huyu ndiye ushahidi wangu.

Sasa, kosa langu la kwanza. Kiprop aliniuliza kama nimewahi kukimbia. Nikamwambia nilikuwa nakimbia mita elfu tano. (Kweli. Nikiwa na miaka kumi na sita. Nina hamsini na miwili.) Akafurahi sana, akainama vile wanavyoinama, akasema, "Mwalimu, basi tukimbie pamoja kila asubuhi." Nami nikasema sawa, kwa sababu Baba Chebet alikuwa anasikiliza, na daktari alikuwa ameniambia nipunguze uzito, na mdomo wangu hauna breki.

Nilikimbia siku mbili. Nataka iandikwe hivyo. Siku ya tatu, kwenye ule mlima wa kutoka mtoni, mapafu yalikataa. Kiprop alikuwa ameshapotea mbele, yeye haangalii nyuma. Weldon wa boda akapita. Akasimama. Hatukuongea sana.

Tangu siku hiyo mpango ulikuwa huu. Tunaanza pamoja getini kwa shule saa kumi na mbili asubuhi. Kiprop anaondoka, akipinda kona tu, Weldon ananichukua. Ananipeleka kwa Mama Sharon, nakunywa chai, nakula kidogo. Baadaye ananishusha nyuma ya kituo cha kupimia majani chai, najimwagia maji usoni, na namaliza zile mita mia mbili za mwisho nikihema. Kiprop ananingoja getini na kupiga makofi. "Mwalimu, vizuri sana." Miezi mitatu.

Na miezi mitatu hiyo Baba Chebet amekuwa akikamua ng'ombe wanne peke yake, kwa sababu bibi yake yuko mazoezini. Hata shambani anawaambia watu, "Mama Chebet sasa ni mwanariadha."

Juzi klabu moja ya Ulaya ikamwandikia Kiprop. Wanamtaka, lakini wanaogopa goti. Akimbie kilomita kumi za milima Jumamosi asubuhi, avae ile mashine yake ndogo mgongoni inayoandika mwendo, njia na mapigo ya moyo. Saa tano watapiga simu ya video waangalie matokeo pamoja. Ikiwa sawa, mkataba wa miaka miwili. Aliniambia bila kulalamika, "Mwalimu, hii ni ya mwisho. Hakuna klabu nyingine."

Mashine anazo mbili, zimefanana. Moja imesajiliwa kwa jina lake. Nyingine alinipa mimi tangu mwanzo, akaisajili "Mwalimu, 52", nayo huvaliwa ndani ya kifulana chenye kamfuko nyuma ya shingo. Yangu sijawahi kuiwasha. (Mimi si mjinga.) Lakini kwake stima ilikuwa imepotea tangu Alhamisi, kwa hivyo nilizichaji zote nyumbani kwangu kwa sola, na asubuhi nikaziweka kila moja kwa mfuko wake. Bila miwani.

Getini Kiprop akapita nyuma yangu, nikasikia kidole kinabonyeza. "Leo ni siku kubwa," akasema. "Zote ziwake." Ningesema nini? Nikajiambia, nani ataangalia ya mwalimu? Tukaanza. Alipopinda kona, Weldon alikuwa hapo.

Na kama hiyo haikutosha, nilikuwa nimealika watu. Mimi mwenyewe. Nilimwomba pasta ukumbi wa kanisa na ile projekta ya nyimbo, nikaita wachezaji, wazazi, kina mama wa chama, na wale wazee wote wanaosema mpira ni uvivu. Nilitaka waone mkataba ukipatikana kwa macho yao. Nikajichagua pia kuwa mkalimani, kwa sababu kocha wa mazoezi wa hiyo klabu ya Ulaya anaongea Kiingereza cha haraka na mimi ni mwalimu.

Saa tano kamili uso wa kocha ukatokea ukutani, na kando yake ramani yetu. Shule, mto, kituo cha majani. Mstari mwekundu juu yake na jina Haruo. Watu wakapiga makofi kuona mto wao.

Kocha akakunja uso. Akasema, "Hapa umeenda kilomita hamsini kwa saa."

Nikatafsiri. "Anasema Kiprop ana mbio sana."

Makofi. Mimi nilikuwa nimeanza kuhisi jasho, safari hii la kweli. Kocha akaendelea kwamba baada ya hapo mtu huyu amekaa mahali pamoja dakika arobaini na moja, na moyo unapiga kama wa mtu aliyeketi mezani.

"Anasema moyo uko sawa," nikatafsiri.

Makofi tena. Kocha akafungua ramani ya pili. Akauliza huyu Mwalimu, miaka hamsini na miwili, ni nani, maana amemaliza kilomita kumi za milima kwa dakika thelathini na tisa bila kusimama hata mara moja. Hii sikuitafsiri. Pasta akanisaidia, kwa sauti ya mahubiri. Ukumbi ulisimama. Kina mama wakapiga vigelegele. Na katikati ya watu Baba Chebet akasimama na gumboots zake, akanyoosha mkono kwangu, akasema, "Huyo ni bibi yangu."

Nawaambia ukweli, hapo nilitamani iwe hivyo. Kwa dakika moja hivi nilikubali kabisa. Nilipunga mkono.

Kisha kocha akasema kitu polepole, na pasta akakitafsiri kabla sijamzuia. Kwamba yeye anamwamini huyu mama, lakini Haruo alipanda gari. Kwamba klabu haifanyi kazi na mtu mdanganyifu. Kwamba wanafunga faili leo.

Mzee mmoja nyuma akasema si alisema. Kiprop akasimama, akaangalia ule mstari mwekundu wenye jina lake kwa muda, akainamia simu. "Nilikimbia," akasema. Mara moja tu, hakubishana. Halafu akanigeukia mimi, akainama tena. "Hongera, Mwalimu. Mashine inasema leo umenishinda."

Hakuwa ananikejeli. Alimaanisha. Mtu anapoteza kazi yake ya miaka kumi na miwili na anasimama kunipongeza mimi, nikiwa bado na mafuta ya chapati kwa vidole.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu betri na mtandao. Hayakutoka.

"Mashine nilizichanganya asubuhi," nikasema. "Yake ilikuwa mgongoni kwangu. Hizo dakika thelathini na tisa ni za Kiprop."

Pasta akafikiri. "Kwa hivyo hizo kilomita hamsini kwa saa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikimbia?"

Huko nyuma Weldon alikuwa anavaa helmeti yake, ndani ya kanisa. Hakuna mtu aliyemuuliza Mama Sharon kitu chochote, lakini akasimama na kuonyesha ukutani, pale mstari ulipokaa dakika arobaini na moja. "Hapo ni kwangu," akasema. "Alikuwa anakula. Chapati nne."

"Tatu," nikasema.

Hiyo ndiyo iliniua. Wangeweza bado kumtilia shaka Mama Sharon. Kanisa lilicheka mpaka mtoto akaamka akalia. Baba Chebet alikuwa bado amesimama na mkono wake hewani. Aliushusha, akaketi.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nakamua peke yangu."

Nikamwambia nitamjibu nyumbani. Nikageukia ukuta nikamweleza kocha kila kitu kwa Kiingereza, boda, chai, chapati, maji ya usoni, na nikamwambia kama anataka kumfunga mtu anifunge mimi, lakini huyu kijana hajawahi kudanganya hata kwa kurusha mpira. Kocha alicheka mpaka simu yake ikaanguka. Aliporudi akasema anatuamini, ila hawezi kuandika chapati kwenye ripoti ya klabu.

Kiprop akavua kifulana chake. "Nipe mashine yangu," akaniambia. "Nakimbia tena."

"Lini?"

"Sasa. Waangalie hapo ukutani nikikimbia."

Kocha akatazama saa, akakubali. Na hapo yule mzee wa nyuma akasema, "Mwalimu naye apewe pikipiki." Wakacheka upya. Basi, moto ukaniwaka. Nikachukua ile mashine nyingine, nikampa pasta aifunge yeye mwenyewe mgongoni kwangu, mbele ya watu, na jina langu lisomwe. "Na yangu muangalie," nikasema. "Yote."

Saa tano na nusu tukatoka getini. Kiprop akapotea. Nikapinda kona. Hakukuwa na Weldon. (Niliangalia.)

Sitawadanganya tena, sikukimbia kilomita kumi. Nilikimbia tatu, nikatembea, nikakimbia, nikashika kiuno, nikaongea na Mungu pale mtoni. Saa saba mvua ikaanza, ile yetu yenye mawe, na wachuma majani waliojificha chini ya mti wakaniuliza nani amekufa. Nikafika kwa Mama Sharon. Yeye mwenyewe alikuwa kanisani akinichungulia ukutani, lakini jikoni moto ulikuwa unawaka na harufu ilinifikia barabarani. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Nikainama kufunga.

Sikujua kilichokuwa kikiendelea. Baba Chebet ndiye ameniambia. Wakati huo Kiprop alikuwa amemaliza zamani, dakika arobaini na moja na sekunde chache, kwa miguu iliyokimbia asubuhi na goti lililopasuliwa, na kocha alikuwa ameshasema karatasi zinakuja wiki ijayo. Watu wangeenda nyumbani. Hakuna aliyeenda. Wote walikuwa wamekaa, Kiprop na taulo shingoni, kocha Ulaya na kahawa yake, wakiangalia nukta moja ndogo imesimama nje ya hoteli ya Mama Sharon. Pasta alikuwa ameanza kuomba.

Kisha nukta ikasonga. Ikapita hoteli. Anasema ukumbi ulilipuka, viti vikaanguka, na wa kwanza kurukaruka alikuwa yule mzee wa nyuma, wa mpira ni uvivu.

Nilifika getini saa saba na dakika ishirini na tano, nimelowa mpaka mifupa. Kiprop akapiga makofi yale yale ya kila siku. "Mwalimu, vizuri sana." Sikuweza kumwangalia, nikalia kidogo, mvua ikanisaidia kuficha. Anaondoka mwisho wa mwezi. Wavulana watatu na wasichana wawili wamekuja jioni hii kuniuliza mazoezi ni saa ngapi, na wamekuja na baba zao.

Kwa hivyo ndiyo, nilidanganya, na ndiyo, nilikula, na timu yangu imetoa mtu wa kulipwa Ulaya, sijui nyinyi yenu imetoa nani. Naandika haya miguu ikiwa ndani ya karai la maji moto. Baba Chebet amepita sasa hivi, ameweka ndoo mbili za maziwa kando ya kitanda, upande wangu. Kukamua ni saa kumi na moja alfajiri. Mwenye kucheka aje na ndoo ya tatu.