Uzi Uitwao Mkurugenzi Mkuu

Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Maji aliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu, hakuna uzi utakaofanya kazi bila jina lenye hadhi.

Nyuzi zenyewe si za kushonea. Ni vile vikazi vinavyokwenda sambamba ndani ya programu ya kompyuta: huu unapokea malipo, ule unachapa risiti. Zote ziliitwa Uzi-1, Uzi-2, Uzi-3, basi mfumo ukiganda, na uliganda kila asubuhi, hakuna aliyejua ni upi uliowaponza wenzake. Waziri alikwishachoka. "Ukiganda tena, nataka jina la mhusika. Huyo aende nyumbani."

Mkurugenzi alilala usingizi mnono. Mhusika si angekuwa fundi wa programu, yule dada asiyefunga mdomo waliyembandika jina la Cherehani?

"Tuziite kwa kazi zake, bosi," Cherehani alishauri. "Mpokea Malipo. Mchapa Risiti. Ukikwama mmoja, tunaujua."

"Mchapa Risiti? Hii ni idara, dada, si kioski."

Kamati ya Majina ikakaa hadi biskuti zikaisha. Ikaazimia nyuzi zipewe majina ya viongozi, kwa kufuata vyeo. Uzi unaoshika ufunguo wa malipo ukaitwa Mkurugenzi Mkuu. Wa risiti, Naibu. Mhasibu akapewa uzi wa kufuta takataka, akanuna.

"Bosi, siku ya mkwamo hutalipenda hilo jina," Cherehani alionya.

"Wewe andika."

Akaandika.

Jumatatu waziri akaja kushuhudia. Ukumbi ulifurika wateja, na ukutani palikuwa na skrini kubwa, kwa ajili ya uwazi. Mfumo ukaganda. Mkurugenzi akanyoosha tai, akamtazama Cherehani kwa huruma ya mtu aliyekwishaandaa barua. Ukumbi mzima ukasoma:

MKURUGENZI MKUU AMESHIKA UFUNGUO. HAFANYI KAZI. ANAMSUBIRI NAIBU.
NAIBU ANAMSUBIRI MKURUGENZI MKUU.
WENGINE WOTE WANASUBIRI.

"Kumbe hata mashine inajua," mama mmoja kwenye foleni alimwambia mwenzake.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, "huyo si mimi. Ni uzi tu."

"Tofauti yenu ni ipi?"

Mkurugenzi akamgeukia Naibu amtetee. Naibu alikuwa akimsubiri yeye aanze.

"Mwondoe," waziri akamwambia Cherehani.

"Yupi, mheshimiwa?"

"Anza na wa kwenye mashine."

Akabonyeza. Risiti zikaanza kutoka.